Maji Yangu Miguuni pa Wakwe

Mwaka 2021, katikati ya kiangazi, nikiwa na umri wa miaka hamsini na sita, niliaibika nyumbani mwangu mwenyewe mbele ya watu waliokuja kumposa binti yangu, na kwa kuwa kila mtu hapa Kimanga anaisimulia habari hii apendavyo, nimeona afadhali niisimulie mimi, niliyekuwa ndani ya aibu hiyo bila nguo.

Marehemu mume wangu aliniachia katoni za vigae (sisi twaviita makaro) ambavyo hakujaliwa kuvibandika. Posa ilipotangazwa, niliamua kuvibandika bafuni mwenyewe, maana sikutaka mkono wa mtu mwingine uzifungue katoni zake. Mimi nilimaliza shule nikiwa na miaka arobaini na tano, na mtu aliyechelewa kusoma hupenda kupima kila kitu: kila kigae nilikiwekea nivo, kile kipimo cha usawa, hadi kiputo chake cha hewa kikatulia katikati, sakafu nzima ikawa sawasawa, pamoja na tundu la kutolea maji, nami nikajisifu juma zima.

Jumamosi tarehe 31 Julai, wageni kutoka Kamanyola walifika mapema, nikingali nanuka moshi wa samaki aina ya mikebuka jikoni, basi nikawaacha sebuleni na binti yangu Furaha, nikaingia kuoga. Na kwa jinsi vigae vilivyong'aa nikajimwagia maji kwa ukarimu, jagi baada ya jagi, macho nimeyafumba kwa sabuni, bila kufikiri kwamba sakafu isiyo na mteremko haiyaambii maji pa kwenda. Yakajichagulia mlango.

"Mama, simamisha maji!" Furaha akapiga kelele. "Iko natoka huku!"

Ikafuata sauti ya baba mkubwa wa Byamungu, mchumba wake: "Byamungu, inua miguu! Unakanyaga maji ya kuoga ya mama mukwe?" (Katika ukoo wao mkwe hamtazami mama mkwe hata usoni.) "Simameni, twende. Hii posa imelowa."

Nami nyuma ya mlango, nimejifunga kitenge, povu masikioni, nikaiona ndoa ya mwanangu wa pekee ikienda na maji.

"Papa, minye siendi," Byamungu akasema. "Mama atabaki na sabuni mumwili kwa sababu yetu?"

"Weye hauna haya!"

"Haya iko, Papa. Ndiyo maana nimegeuka."

Nikasikia raklete, ule mpira wa kusukumia maji, ikikwangua sakafu, maji yakisukumwa kuelekea uani, kisha sauti karibu na mlango: "Mama, niko naangalia ukuta. Maliza kuoga polepole, minye niko napangusa."

Nilimaliza kuoga nikilia. Nilipotoka, kijana alikuwa bado ameuelekea ukuta, suruali ameikunja hadi magotini, na yule mzee, baba yake mkubwa, ameketi tena, miguu juu ya stuli, akisema kwamba jambo hili lazima likatiwe shauri rasmi.

Vigae vya kuzunguka tundu nilivibomoa (kwa uchungu, nakiri) nikavilaza upya kwa mteremko, na nimeapa kutooga tena wageni wakiwa sebuleni, hata wakinikuta nimepakwa masizi.

Jumamosi tarehe 14 Agosti tuliitwa Kamanyola. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, kisha mzee akatamka mbele ya pande zote mbili kwamba kijana aliyepangusa maji ya mama mkwe hahesabiwi tena kuwa mkwe, bali mtoto, na mtoto hamwogopi mama yake.

"Geuka sasa, weye," akamwambia.

Byamungu akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Jambo, Mama."