Uzi wa Mama Mdogo Zaina

Lulu ikitobolewa hunuka kama jino linalochongwa: harufu kavu ya mfupa ulioungua, inayobaki kooni hata ukinywa maji. Hiyo ndiyo harufu ya kiangazi nilichokaa Muyinga, mtaa wa Waswahili, kwa Mama Mdogo Zaina, mdogo wa mama yangu, fundi wa mikufu ya maharusi. Lulu zilimfikia kutoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero, na matundu yake yalikuwa membamba mno kwa uzi mnene wa hariri alioupenda. Ilimbidi ayapanue moja moja. Aliibana lulu kwenye kibanio cha mti, akaizamisha katika bakuli la maji isipate moto, kisha akazungusha kekee kwa mkono, nusu kutoka upande huu, nusu kutoka upande ule, maana ukipitiliza kwa mkupuo mmoja inapasuka. Zilipasuka hata hivyo. Kipande kiliweza kuruka kikamchana shavu, na kekee ikiteleza iliingia kwenye kidole gumba. Usione vyaelea, vimeundwa. Hivi viliundwa kwa damu, na maharusi wa Muyinga walivivaa shingoni wakitabasamu.

Raha yake ilikuwa katika mafundo. Kila baada ya lulu alipiga fundo, akalisukuma kwa ncha ya sindano mpaka likaikumbatia lulu, akaupaka uzi nta ya nyuki, akaendelea. Alinifundisha, nami vidole vyangu vilivimba nikajiona mkubwa. Mkufu ukiisha, aliutundika msumarini na kuuning'inizia pasi ya mkaa. Ukihimili, Mama Mdogo alicheka peke yake. "Uzi yangu haikatiki, we!" alisema. "Itakatika mwaka gani?" Mtaa mzima ulimjua kwa sifa hiyo, na sijawahi kumwona mtu akifurahia kazi ya mikono yake kama alivyofurahi yeye mbele ya ile pasi.

Mumewe, Baba Mdogo, alikuwa mpakiaji wa malori, na alimpiga. Alimpiga kwa mkanda, kwa mwiko, kwa chochote kilichokuwa karibu. Majirani walisikia, na asubuhi walikuja na uji na maneno yao: mvumilivu hula mbivu. Mbivu hatukuziona. Nilimchukia mtu yule kwa chuki ya mtoto, ambayo haina breki, na mpaka leo sijaipunguza. Mungu akitaka kumsamehe, ni kazi yake.

Sasa, ilikuwapo desturi moja ya kazi. Mkufu uliokamilika fundi huuvaa mwenyewe kutwa nzima kabla ya kuukabidhi, ili mafundo yakae na mafuta ya ngozi yazing'arishe lulu. "Lulu inataka shingo," alisema Mama Mdogo. Siku hiyo alivaa mkufu wa binti wa jirani aliyekuwa akiolewa kesho yake, akainama jikoni kusonga ugali. Baba Mdogo aliingia adhuhuri akitokea Kobero. Wenzake garini walikuwa wamemtania njia nzima kwamba mkewe hujipamba kama bibi arusi yeye akiwa safarini. Desturi ile aliijua vizuri. Alikuja na hasira tu, akitafuta pa kuitua.

"Nani amekuvalisha?"

"Iko ya bibi arusi, si unajua? Mi niko navaa leo tu, kesho naipeleka."

Aliushika mkufu kwa nyuma, akausokota ngumini kama anayekamua nguo. Uzi haukukatika. Mama Mdogo alirusha miguu, sufuria ikapinduka, ugali wa moto ukamwagikia miguu ya yule mwanamume, naye hakuachia. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu, akanitupa ukutani. Nilipiga kelele kuita majirani. Mmoja aliongeza sauti ya redio. Uso wa Mama Mdogo ulikuwa umegeuka rangi, ulimi uko nje, na mafundo yote niliyoyapenda yalikuwa yamezama shingoni mwake. Mkasi ulikuwa kwenye mkeka wa kazi. Niliuchukua, nikauchomeka chini ya sikio la Mama Mdogo, nikakata uzi pamoja na ngozi. Kovu analo hadi leo. Alianguka akikoroma, hai. Kwa sababu ya mafundo, lulu moja tu ilidondoka. Baba Mdogo alibaki ameshika zilizosalia, akizitazama kwa mshangao wa kweli.

"Uzi gani hii?" aliuliza, kana kwamba uzi ndio uliokosa.

Alasiri ile ile, mumewe akiwa ametoka, Mama Mdogo alijifunga mtandio shingoni, akakaa kuutunga upya mkufu wa watu. Alipofika mwisho, pale kisogoni penye kishikizo, aliweka kipande cha uzi mwembamba wa kushonea. Akauvuta, ukakatika. Akatikisa kichwa kukubali, akafunga mwingine kama ule. Mama wa bibi arusi alipokuja mwenyewe kuuchukua jioni hiyo aliulalamikia: "Zaina, huku nyuma iko teketeke! Si utaanguka?"

"Uanguke," Mama Mdogo alijibu kwa sauti ya kukwaruza. "Afadhali uanguke."

Alfajiri tulipanda basi kwenda kwetu Gitega, kekee ikiwa kwenye furushi. Mumewe alimfuata mara moja tu. Baba yangu alimpokea mlangoni na panga, wakatazamana, akarudi alikotoka.

Leo nina meza yangu ya kazi hapa Gitega, karibu na Mushasha. Natoboa kwa mashine ya umeme, na maharusi hunionyesha picha kwenye simu. Watu husema zamani wanawake waliteseka, siku hizi wameamka. Nawasikia. Kila mkufu wangu una uzi mwembamba kisogoni, na mteja akiurudisha umekatikia hapo, mimi hutazama shingo kwanza. Juma lililopita alikuja binti mmoja niliyemtungia mkufu wa harusi kiangazi hiki hiki. Alikuwa amejitanda mtandio hadi kidevuni, na lulu zake ziko kwenye kitambaa.

"Mtoto aliivuta, tantine," alisema, akiniita shangazi kwa heshima.

Mtoto hana bado. Nilimwambia kazi yake itachukua siku nyingi, nikafunga mlango wa duka, nikamtandikia kitanda.