Ukweli wa Mshona Tanga

Wakhungu ameshona matanga ya boti hapa Port Victoria miaka thelathini na minne. Hajavua samaki hata siku moja; akipanda boti hutapika, na tunamcheka hadi leo. Lakini muulize habari za upepo. Kila tanga linalochanika humrudia, na kwa jinsi lilivyochanika hujua upepo ulitoka wapi, saa ngapi, na nahodha alikuwa mzembe kiasi gani.

Mwaka jana serikali ilianza kutafuta mahali pa kusimamisha mitambo ya umeme wa upepo ndani ya ziwa. Kabla ya kuleta vipimo vya upepo, iliajiri vijana wa kuhoji wenyeji, akiwemo Nasike, bintiye Wakhungu. Mradi ukija kwetu, Nasike angesomeshwa ufundi wa mitambo hiyo. Ukienda kwingine, kazi yake ingeishia hapo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulikubaliana kusifu upepo, nami nilisifu, sikatai. Mama mmoja muuza dagaa wa omena aliapa kwamba upepo wa hapa haupumziki, tena umemwangusha mara mbili, na mama mwenyewe si mwepesi.

Kwa babake, Nasike alifika mwisho, pamoja na msimamizi kutoka Kisumu.

"Baba, upepo ya hapa hutulia?" aliuliza, kalamu mkononi.

Wakhungu alikata uzi kwa meno. "Asubuhi iko. Ikifika saa tatu inalala mpaka saa saba. Na mwezi wa tano inaweza lala wiki mzima, watu wapige kasia tu."

"Uko sure?"

"Nasike, nimekulisha na hii upepo. Siwezi danganya juu yake."

Msimamizi alikuwa ametoka nje kupiga simu. Nasike angeweza kuandika lolote. Aliandika alichoambiwa, saa kwa saa.

Katika fomu mia mbili za mahojiano, hiyo pekee ilikuwa na saa ndani yake. Nyingine zote zilikuwa sifa tupu. Wataalamu waliiamini hiyo, wakapeleka vipimo sehemu nyingine ya ziwa. Kijiji kilimnunia Wakhungu, ingawa matanga tuliendelea kumpelekea, maana tungempelekea nani? Niliona haya, na nilimhurumia.

Nasike alirudi nyumbani bila kazi. Siku ya tatu Wakhungu aliweka sindano chini, akamwambia bintiye, "Mama, nisamehe. Nimekuharibia."

"Wacha, Baba," alisema Nasike. "Wewe uliongea tu. Ni mimi niliandika."