Ngurumo Niliyoichuja

Kabla vita havijafika kwetu Mboko, kando ya ziwa, nilikuwa fundi wa redio mwenye maringo. Asubuhi ya mwisho ya amani nilikuwa nikichomelea waya, na dada yangu mkubwa, Yaya Josefina, akimenya mihogo mlangoni, akinitania kwamba napenda redio kuliko watu.

Kisha watu wenye silaha wakaanza kutua ufukweni kwa mitumbwi ya mota. Tulikimbilia mlimani, mihogo yetu ikabaki imelowekwa ziwani. Wavuvi wetu huchovya kasia majini na kuweka sikio kwenye mpini ili wasikie mota iliyo mbali. Mimi nilifunga maikrofoni ndani ya chupa, nikaizamisha karibu na mawe, nikavaa visikilizio. Nikisema ziwa ni salama, wanawake wanashuka kuchukua mihogo.

Tatizo lilikuwa mawimbi. Kwenye kina kifupi yanaburuta kokoto, na ngurumo yake haiishi. Nikaunganisha kondensateri, kidude cha kuchuja sauti nene. Ngurumo ikakatika, mota ndogo zikasikika wazi, nikajiona bingwa.

"Sasa we unasikia hata samaki bakisengenyana," Yaya aliniambia.

Asubuhi moja ukungu ulifunika ziwa. Chini ya maji kulikuwa kimya kama nyumba ambayo watu wake wameondoka sasa hivi.

"Iko namna gani?" Yaya aliuliza.

"Hakuna kitu. Mushuke."

Wanawake sita waliingia majini. Nilisikia miguu yao kwenye visikilizio. Halafu miguu ya mmoja ikasimama.

Alikuwa Yaya, maji yakimfika magotini. Alitazama chini, kisha akanitazama mimi.

"Maji inatetemeka," alisema.

Mimi bado sikusikia kitu.

Mtumbwi mkubwa ulitoka kwenye ukungu, mota yake ikizunguka polepole.

Waliokuwa ndani yake walipiga risasi.

Watano walirudi. Yaya hakurudi.

Sauti nene ya mota ile niliichuja mwenyewe, pamoja na mawimbi. Miaka imepita, na watu bado huniambia kwamba vita ndivyo vilivyomuua. Wananionea huruma, na inaniuma zaidi.

Asubuhi iliyofuata kifo cha Yaya, mama mmoja kati ya wale watano alinifuata. Mihogo ilikuwa bado majini, na watoto wake hawakuwa wamekula.

"Fundi, enda usikilize," alisema.

Nilitoa kile kidude, nikazamisha chupa. Ngurumo ilirudi. Niliisikiliza mpaka jua likapanda, nisiweze kusema kama ndani yake kuna mota au hakuna. Mama yule alinisubiri kidogo. Kisha akavua kandambili zake, akaingia majini.