Mifuko ya Koti la Jambazi

Mshonaji wa kampuni ya filamu amemvalisha mwigizaji mmoja mkongwe makoti ya majambazi miaka ishirini na mbili, na bado hajamzoea. Kabla ya kusimama mbele ya kamera, mzee hunyoosha kiganja, naye mshonaji humpa vitu ambavyo mtazamaji hataviona kamwe: funguo za nyumba, leso iliyokunjwa, risiti ya dobi. Mzee huvitia mfukoni kimoja kimoja, mabega yakashuka, sauti ikazama kifuani, na jambazi anakuwa amefika. "Hata mwizi ana kwake, binti yangu," alimwambia zamani, akacheka kwa pua.

Leo mzee anaigiza kwa mara ya mwisho: jambazi anatoka nyumbani kwenda kukutana na wenzake waliomsaliti. Mshonaji alimletea funguo mapema. Mzee akamfumba vidole juu ya funguo hizo, taratibu. "Leo usinipe kitu." Mshonaji akadhani amemkosea. Kamera zikawashwa. Mzee akatoka, akauvuta mlango, mkono ukaenda mfukoni kutafuta funguo kama ulivyozoea. Ukakaa humo kidogo, ukatoka mtupu. Muswada wa filamu ulisema afunge mlango kwa funguo. Aliuacha bila kuufunga, akateremka ngazi kama mtu asiyerudi tena, hakugeuka. Mwongozaji alisahau kusema "Kata!" ili kamera zizimwe. Mshonaji alibaki kasimama, funguo zikimchoma kiganjani kwa jinsi alivyozibana, akiogopa hata kuzilegeza zisije zikalia.