Gari la Harusi Mbele, Jipu Nyuma

Kwetu Burungu tulikuwa na magari mawili ya enzi za wakoloni, yote yanamzidi baba yangu umri: gari dogo jeupe, ambalo babu alilinunua kwa mzungu mfuga ng'ombe, na jipu lililobandikwa viraka kila mahali. Baba alisifu viti vya ngozi vya lile dogo. Mimi nilimuuliza viti hivyo viliwahi kupanda kilima gani wakati wa mvua. Tulibishana hivyo miaka nenda miaka rudi.

Batri hatukuwa nayo. Magari tuliyaegesha njiani yakitazama bondeni, jiwe chini ya gurudumu; ukitaka safari unaondoa jiwe, gari linashuka na kuwaka lenyewe. Njia yetu ni nyembamba, ukuta wa udongo huku, korongo kule. La mbele lisipotoka, la nyuma haliendi popote.

Breki za gari dogo zilikufa, na vipuri viko Goma, barabara ya huko imefungwa kwa vita. Hata hivyo baba alitaka litangulie, wageni wa harusi ya dada yangu walione kwanza. Kwa msaada wa vijana wa kijiji tukarudisha jipu nyuma hadi uani, tukalisukuma dogo mbele yake. Nilisukuma huku nikicheka, mjinga mimi.

Siku ya pili yake, asubuhi, tumbo la mama likakakamaa kwa maumivu. Muuguzi wa kijiji alimpapasa, akasema ni utumbo, apasuliwe leo hii. Hospitali iko mbali, na vijana wa kubeba kipoyi, machela yetu ya mianzi, walikuwa wamejificha wasikamatwe kubebeshwa mizigo ya wenye silaha. Nilisimama kati ya magari yale. Nilimchukia baba, nikajichukia na mimi.

"Papa, hii ya mbele njo inatufunga. Haina freni, siwezi kuishusha."

"Tuisukume pembeni."

"Pembeni wapi, Papa? Iko shimo."

Ndani mama alilia. Baba alipangusa kioo cha gari lake kwa mkono wa shati, taratibu, kama siku ya Jumapili. Kisha akaukata usukani kuelekea korongoni, akainama, akaliondoa jiwe mwenyewe.

Tulimlaza mama ndani ya jipu, likawaka kabla ya kona. Mama, ambaye yu hai mpaka leo, aliuliza kile kishindo kilikuwa cha nini.

"Hakuna kitu, Mama," baba akamwambia, akimshika kichwa. "Funga macho."