Bei ya Harufu

Miaka ya sabini tulikaa kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Voi, na watoto wa landi wote walikuwa wamepagawa na kadi za wachezaji. Zilitoka ndani ya paketi za chingamu, picha za Wazungu wa mpira ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuwaona wakicheza. Watoto wenyewe walizipangia thamani, na thamani ilikuwa harufu. Kadi inayonukia chingamu ni mpya, ukiitoa unapata mbili zilizochuja harufu. Mimi sikuona kama ni akili mbaya. Pengine nilikosea.

Sijui nani alianza kuniletea kesi zao. Shule yangu iliishia darasa la nne. Nadhani ni kwa vile nikitoka kazini nilikaa mlangoni, nimechoka, siendi popote.

Binti yangu alikuwa golikipa, msichana peke yake kwenye timu yao, na kati ya kadi zake alimpenda golikipa mmoja kuliko wote. Siku moja akamtoa kwa kijana wa jirani, akapewa mshambuliaji anayenukia mpaka vidoleni. Hesabu yake ilikuwa ambadilishe huyo apate wawili, golikipa wake akiwamo. Asubuhi harufu ikawa imekwisha. Kijana alikuwa amesugua kadi kuukuu kwa chingamu aliyoitafuna.

Wakaja wote wawili.

"Baba, amenidanganya!"

"Mzee, muulize kama mimi nilifungua mdomo. Alinusa mwenyewe, tena mara mbili, kama paka."

"Paka ni wewe!"

Nikamuuliza binti kama aliambiwa kadi ni mpya. Akainama. Akasema hapana. Ndivyo alivyo mtoto wangu, hasemi uongo hata pale ungemfaa. Nilitaka sana arudishiwe golikipa wake. Lakini angekuwa mtoto wa mwingine, ningesemaje? Nikasema wamebadilishana, basi.

"Wewe ni baba ya nani?" akaniuliza.

Mke wangu alikuwa jikoni anasonga ugali. "Mjibu, hakimu," akasema. "Ama turudi kijijini Mwanda ukahukumu mbuzi."

Yule kijana naye, niseme haki, hakushangilia. Jioni hiyo hiyo alimpa mdogo wake wa kike ile kadi ya golikipa. Sijui kama ni aibu au alikuwa ameichoka.

Binti yangu alipopata habari akaja kusimama mbele yangu, mshambuliaji mkononi.

"Baba. Na mimi nikiisugua hii, si makosa?"

Niliangalia viatu vyangu, vumbi jekundu limejaa. Kama haikuwa makosa kwa mwenzake, kwake ingekuwaje makosa?

"Si makosa," nikasema.

Kesho yake golikipa alikuwa amerudi kwetu, chini ya mto wa binti yangu. Na mimi nimekaa mlangoni, akaja yule mdogo wa kijana, mtoto ambaye hata shule hajaanza. Akaninyooshea mshambuliaji.

"Mzee, nusa."

Nikanusa. Nikamwambia ukweli, hainukii kitu. Hakulia. Alisimama tu akaningojea nitoe hukumu, maana alikuwa amesikia kwamba mimi sipendelei mtu. Mke wangu akaniita mara mbili kwamba chakula kinapoa. Binti yangu alikuwa ndani, na nilijua anasikiliza, na kadi bado nilikuwa nimeishika.