Mwani wa Firdausi

Mwaka 2013, Firdausi, binti wa Haidari muuza vitenge wa Kasulu mjini, alikuwa kwenye maabara ya chuo Dar es Salaam akibadili jeni za mwani, ule mdogo usioonekana kwa macho ambao hugeuza maji ya bwawa kuwa ya kijani. Alitaka utoe mafuta mengi zaidi, yatengenezwe dizeli. Alipomweleza baba yake kwa simu, mzee alidaka neno moja tu: dizeli. Wateja wote wakaambiwa kwamba binti yake anakamua dizeli kwenye maji machafu.

Firdausi alisikia, akacheka, hakumsahihisha. Mwani wake ulijaza mafuta kweli, lakini wenyewe haukuzaliana. Chupa nzima ilitoa tone la kulowesha kidole. Kumwambia baba hivyo aliona ni kumharibia furaha.

Alipokuja likizo Kasulu, shangazi yake Mwatumu, aliyekuwa amezisikia habari za dizeli, alimwita kwake Murungu, Kibondo. Mwatumu alikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli na bwawa la perege.

"Njoo uone, mwana wanje, mwanangu. Nimekuandalia."

Maji yalikuwa ya kijani, mazito kama uji. Shangazi alikuwa ameacha kuyabadilisha, akayatupia samadi ili ukijani uzidi. Perege walielea matumbo juu.

"Hao wasikutie shaka," alisema. "Mafuta yakipatikana nitafuga wengine. Haya, tunakamuaje?"

"Shangazi, mwani huu siyo ule wa maabara. Na hata ule wangu bado hauwezi kuendesha mashine yoyote. Nilijua baba anavyowaambia watu. Nikanyamaza."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Mwatumu aliuachia mkono wa Firdausi aliokuwa ameushika. Hakugomba, afadhali angegomba. Alichukua tenga, akaanza kuopoa samaki. Firdausi akavua viatu, akaingia majini naye. Walifanya kazi hiyo mpaka ikaisha.

Aliporudi Kasulu alikwenda moja kwa moja dukani, akausema ukweli mbele ya wateja. Haidari alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema kwa sauti ya chini.



Mwaka uliofuata shangazi alipandikiza vifaranga vipya vya perege. Firdausi aliendelea na utafiti wake, na kila walipoongea kwa simu Mwatumu alimuuliza afya, joto la Dar, uchumba. Mwani hakuutaja tena.